Shahada Iliyopita Bila Ugomvi

Kitivo cha kilimo kinachosimuliwa hapa usikitafute Butembo, wala usikiulizie Beni. Nimekijenga mwenyewe kando ya ile barabara ya kilomita hamsini na ushei inayounganisha miji hiyo miwili, mahali ambapo hakuna chuo, ili asitokee mkuu wa kitivo wa kunipigia simu usiku. Watu wake ni wa kubuni. Mvua, kakao, vita, amri ya wizara na mashine tutakayoikuta mbele ni vya kweli.

Tuanze na amri. Kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, chini ya waziri Muhindo Nzangi, mtoto wa Kivu ya Kaskazini, vyuo vyote vya Kongo vilitakiwa kuuacha mfumo wa zamani wa miaka mitatu ya gradua na miwili ya lisansi, na kuingia LMD: lisansi ya miaka 3, masta ya miaka 2, kisha udaktari. Sheria ya elimu ya Februari 2014 ilikuwa imeshafungua mlango huo, ila wengi walikuwa wakichungulia tu. Sasa hapakuwa tena na kuchungulia. Lisansi ni krediti 180, kila muhula krediti 30, na kila krediti ni saa 25 za kazi ya mwanafunzi: darasani, maabara, shambani, pamoja na zile anazojisomea peke yake. Zidisha mwenyewe, ni saa 4,500 za maisha ya kijana, na chuo kinatakiwa kueleza kwa maandishi kila saa itatumikaje. Maandishi hayo ndiyo walimu wa kule wanayoyaita maketi.

Asiyewahi kukaa kwenye kikao cha maketi hudhani ni kazi ya ukarani. Ni ugomvi. Kila saa inayoingia kwenye jedwali ni riziki ya mtu, na kila inayotoka ni riziki ya mtu. Profesa mgeni hulipwa kwa saa alizofundisha. Asistanti akinyang'anywa mazoezi ya vitendo, amenyang'anywa sababu ya kuwepo kitivoni. Basi watu hung'ang'ana. Wa udongo anataka saa 60, wa takwimu anasema saa 60 za udongo ni wizi, wa magonjwa ya mimea anatishia kujiuzulu kama alivyotishia mwaka uliopita. Ukiwatazama kwa juu utawadharau. Lakini sikiliza wanachokisema katikati ya kung'ang'ana. Wa magonjwa ya mimea, akitetea mfuko wake, atawakumbusha wenzake kwamba trakeomikozi, ugonjwa wa kunyausha kahawa, ndiyo iliyoimaliza robusta ya Beni, kwamba ugonjwa huohuo ulitambuliwa upande wa Uganda, huko Bundibugyo, mwaka 1993, na kwamba mashamba mengi ya kakao tunayoyaona leo yamesimama pale ilipokufa kahawa. Wa ugani, akitetea siku zake za safari, atauliza ni nani mwingine anayejuana na wanaushirika wa Kawa Kanzururu kule kwenye arabika ya vilima vya Rwenzori, hata wamkubalie kuingiza vijana arobaini kwenye mashamba yao. Mwenye hila zaidi ya wote atasema, "Haya, nipunguzieni, halafu mtaniambia nani atawafundisha kupima unyevu wa mbegu." Tamaa ya saa ndiyo inayoleta mezani mambo ambayo hayajaandikwa popote. Aibu kidogo, lakini ndivyo ilivyo.

Mkuu wa kitivo chetu alikuwa amechoshwa na aibu hiyo. Mwaka mzima vikao vilikuwa vikivunjika. Mara hakuna umeme, mara profesa fulani yuko Kisangani, mara barabara imefungwa kwa sababu usiku kumeuawa watu. Na rekta alikuwa ameshaweka tarehe. Hapo akajitokeza kijana mmoja, asistanti mwenye simu nzuri na moyo wa kusaidia, akaomba apewe usiku mmoja tu.

Asubuhi aligonga mlango wa ofisi.

"Prof, maketi imekwisha."

"Imekwisha namna gani? Jana haikuwa imeanza."

"Iko kwenye simu yako, Prof. Kurasa 46."

Huo ulikuwa mwaka wa 2023. ChatGPT ilikuwa imefunguliwa kwa umma Novemba 2022, na habari zake zilifika Butembo upesi kuliko lami. Kijana aliiandikia kwa Kifaransa kizuri: tengeneza lisansi ya sayansi ya kilimo kwa chuo cha Kongo, mihula sita, krediti 180, kila somo na malengo yake, njia za kufundishia, namna ya kutahini, na vitabu. Ilipokosea kujumlisha akairekebisha kwa jedwali la kompyuta. Kufikia saa nane za usiku kila muhula ulisoma 30 kamili. Hilo peke yake liliwamaliza watu. Katika historia ya kitivo kile hakuna kamati iliyowahi kufikisha 30. Daima ilikuwa 28 na nusu, au 33, na mtu mmoja amenuna.

Halafu lugha yake. Mageuzi ya LMD yanataka kila somo lieleze mwanafunzi ataweza kufanya nini, si mwalimu atasema nini. Ni takwa zuri. Ila tangu Benjamin Bloom na wenzake walipopanga ngazi zao za malengo ya elimu mwaka 1956, vitenzi vya kazi hiyo vimekuwa vikizungushwa vilevile duniani kote: kutambua, kueleza, kuchambua, kutathmini, kubuni. Mashine imemeza hati za namna hiyo nyingi kuliko atakazosoma profesa yeyote, kwa hiyo vitenzi haviipigi chenga. Kila somo lilikuja na malengo yake matano, yamepangwa kutoka jepesi hadi gumu. Walimu waliokuwa wakitoa jasho kuandika sentensi moja ya malengo waliposoma kurasa mbili za mwanzo waliona wamekutana na mjuzi.

Nasema kurasa mbili kwa makusudi. Hati ilipelekwa kwenye kundi la WhatsApp la kitivo saa mbili asubuhi. Kufikia saa nne walikuwa wameshajibu wote: vidole gumba, mikono ya kupiga makofi, "félicitations" tatu. Wa magonjwa ya mimea alitafuta jina la somo lake, akaliona lina krediti 5, akaridhika. Wa udongo vilevile. Wa takwimu alikuta ameongezewa, akanyamaza asije akastukiwa. Mashine ilikuwa imemgawia kila mtu kiasi cha kumfanya asigombe, na kikao kilichohofiwa mwaka mzima hakikufanyika.

Sasa tuifungue hiyo hati, kwa kuwa wao hawakuifungua.

Muhula wa nne ulikuwa na "kilimo cha usahihi kwa kutumia droni", krediti 4. Hili ni somo la maana kabisa, na kuna mahali linafundishwa vizuri. Lakini Kivu ya Kaskazini iliwekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi tarehe 6 Mei 2021, ikawa inaongozwa na wanajeshi, na kwenye vichaka vya Beni kitu kinachoruka na kupiga picha hakimkumbushi mtu mbolea. Kijana atakayerusha droni juu ya shamba la mjomba wake huko Mbau atajieleza kwa nani kwanza?

Msimu wa kilimo ulikuwa mmoja, kuanzia Aprili hadi Septemba, na mazoezi ya mavuno yamewekwa mwishoni mwake. Butembo na Beni ziko hatua chache tu kaskazini ya ikweta. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, watu hupanda mara mbili, na Septemba ambayo mashine iliiona ni ya kuvuna, mkulima wa Lubero, jirani na Butembo, ameinama anafukia mbegu za maharagwe.

Kakao ilikuwemo, na kwa heshima. Ilipewa kurasa mbili nzima: historia yake, bandari ya Abidjan, mashirika ya ununuzi, na virusi vinavyovimbisha mashina, ugonjwa uliowahenyesha wakulima wa Ghana na Côte d'Ivoire kwa miongo mingi. Yote kweli. Kweli ya Afrika Magharibi. Kakao ya Beni, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka kwa kuvuka kwenda Uganda, ilipata nusu sentensi. Trakeomikozi ilitajwa mara moja, ndani ya orodha, imebanwa katikati ya magonjwa mawili ya Amerika ya Kusini.

Somo la ardhi lilizungumzia hati za umiliki na daftari la serikali. Mwami, mtawala wa jadi, hakuwemo. Hakuwemo kijana aliyekosa hata kipande cha kulima kwenye milima ya Lubero iliyojaa watu, akashuka kuelekea Beni na Ituri kutafuta msitu wa kufyeka, akauziwa shamba moja na watu wawili tofauti.

Na vitabu: vya kupendeza, vina waandishi, miaka na wachapishaji. Vingine vipo. Vingine havikuwahi kuandikwa na mtu yeyote. Binti mmoja wa mwaka wa kwanza alimwagiza kaka yake aliyeko Kampala, kaka akazunguka maduka ya vitabu hadi muuzaji mmoja akamwambia kwa upole kwamba mwandishi huyo anamfahamu, ni wa kweli, ila kitabu hicho hajakizaa.

Nisitoe picha kwamba balaa hili limezaliwa na simu. Shahada zilizoiva kwingine zimekuwa zikiletwa Kongo tangu zamani. Lovanium, kilichoanza Kinshasa mwaka 1954, kilikuwa mtoto wa chuo kikuu cha Kikatoliki cha Louvain huko Ubelgiji, na kilijivunia kufanana na mzazi wake. Mwaka 1971 serikali ikaviunganisha vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani kuwa chuo kimoja cha taifa, UNAZA, ili programu zipangwe mahali pamoja kwa ajili ya nchi nzima. Miaka kumi baadaye vikatenganishwa tena. Kwa wenzetu wa Nairobi kuna kisa kingine: mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha chuo kikuu cha mtandaoni cha Afrika, kilichojulikana kwa jina la African Virtual University, ambacho makao yake yalihamia Nairobi baadaye, na katika miaka yake ya mwanzo masomo yalirushwa kwa setilaiti kutoka vyuo vya Marekani na Ulaya hadi kwenye kumbi za vyuo vya Afrika. Picha zilifika. Kuyaingiza masomo hayo ndani ya shahada za vyuo wenyeji ndiko kulikowashinda, na hatimaye ikabidi kazi ya kuandaa masomo irudishwe kwa walimu wa Afrika wenyewe.

Mtu wa Beni hahitaji hata mfano wa Nairobi. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 iliambukiza watu 3,470 na kuua 2,287, wengi wao wakiwa wa eneo hili. Chanjo ilikuwepo, na ilikuwa nzuri. Fedha zilikuwepo. Mpango ulikuwepo, umeandikwa na watu waliojifunza kwa uchungu Afrika Magharibi. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza mapema kwa nini watu wanaochinjwa tangu Oktoba 2014 wawaamini wageni waliokuja na magari mapya kwa ajili ya homa. Desemba 2018 uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo, sababu iliyotolewa ikiwa ni Ebola na usalama, na hasira ikaangukia vituo vya matibabu. Mambo yalianza kulainika pale waliopona walipoingizwa kazini, wakawalea watoto ambao mama zao walikuwa kwenye vyumba vya wagonjwa. Utaalamu haukubadilika hapo. Walioketi kuupanga ndio walioongezeka.

Butembo imeshawahi kufanya kinyume chake pia, na ilifanya bila mashine. Mwaka 1989, dola ilipolegeza mkono wake juu ya vyuo vikuu, jimbo la Butembo-Beni chini ya askofu Emmanuel Kataliko lilianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Kilimo na tiba vimekuwa miongoni mwa vitivo vyake. Katika mji wa wafanyabiashara na wakulima walio mbali na Kinshasa, aliyeumwa na aliyelima hawakuhitaji kutafutwa kwa takwimu.

Turudi kitivoni. Muhula wa kwanza ulikwenda, maana muhula wa kwanza ni hisabati, kemia na Kifaransa, na hayo hayana nchi. Wa pili ukaanza kukwaruza. Mashine ilipanga kila somo kipindi kimoja kwa wiki, wiki 15 mfululizo, mwanafunzi akijisomea katikati. Mpangilio wa busara. Lakini profesa wa kemia ya udongo huja kwa ndege, hukaa siku kumi, hufundisha asubuhi hadi jioni, hutahini, huondoka. Hana wiki 15. Ana vyuo vinne. Ile nafasi ya kujisomea, ambayo ndiyo roho ya krediti, ikapotea, kwa kuwa hakuna anayeweza kujisomea saa 50 ndani ya siku kumi ambazo mchana wake wote yuko darasani. Na hizo saa zilipangwa kwa maktaba ya mtandaoni. Hesabu bei ya megabaiti, hesabu usiku wa giza mtaani, hesabu minervali, yaani karo, ambayo baba bado hajamaliza kuilipa. Mashine haikuwa imeambiwa. Walimu walijua yote hayo. Wenyewe wanaishi humo.

Muhula wa tatu wakapelekwa shambani, upande wa Beni, kwa mama mmoja mwenye hekta moja na nusu ya kakao. Alikuwa amewangojea kwa hamu. Ana magunia mawili yaliyorudishwa na mnunuzi.

"Jambo, Mama," kiongozi wa promosheni alianza. "Tumekuja kujifunza kwako."

"Karibuni, wanangu. Nami nina swali. Anasema kakao yangu ina ukungu. Mimi najua ina ukungu. Inatakiwa jua la wiki nzima, mimi naipa siku tatu. Shamba liko kule. Saa tisa lazima tuwe tumeshatoka, na kuna siku hatuendi kabisa, wale watu wakisikika. Sasa nifanye nini?"

Swali hilo lina kila kitu ndani yake. Mbegu ya kakao huchachushwa siku tano hadi saba, kisha hukaushwa hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 8, la sivyo kuvu huingia na bei huanguka. Kila hatua inataka mtu awepo, ageuze, afunike mvua ikija. Na wale watu aliowataja Mama, waasi wa ADF, kwa kuwatisha wakulima wasikae mashambani, wameharibu kakao hata pale wasipoigusa. Agronomia ya Beni ingeweza kuanzia kwenye swali hilo na ikafika mbali: biolojia ya uchachu, fizikia ya ukaushaji, uchumi wa mnunuzi anayejua kwamba muuzaji hawezi kungoja.

Vijana wakatazamana. Mmoja, aliyekuwa wa kwanza darasani, akauliza: "Mama, umeona mashina yako yakivimba?"

"Kuvimba?"

"Ndiyo, Mama. Mashina na matawi. Kuna virusi."

Mama akamtazama kwa muda. Kisha akacheka, bila ubaya. "Wanangu, mnasomea nchi gani?"

Jibu la swali lake alilipata siku hiyohiyo, kwa dereva aliyewaleta vijana. Alikuwa ameegemea gari anakula ndizi. Akasema kwa wajomba zake, kuelekea Mutwanga, watu wameacha kukaushia shambani. Hubeba mbegu mbichi hadi kijijini, wakachachusha kwa pamoja kwenye masanduku ya mbao, wakakausha juu ya vichanja vya uani, zamu kwa zamu. Vijana watatu walitoa madaftari wakaandika. Asistanti aliyewaongoza safari, yuleyule wa kurasa 46, hakuandika. Nadhani ndipo alipoelewa.

Kikao kiliitwa, na kama kawaida ya vikao kikaanza kwa kutafuta wa kulaumu.

"Kijana, ulitupa mzigo gani huu?" aliuliza wa ugani.

"Prof, nilituma kwenye kundi. Nikasema naomba masahihisho."

"Tulidhani umeshasahihisha."

"Ulinijibu 'félicitations', Prof."

Mkuu wa kitivo akaingilia, akasema teknolojia hii ni ya hatari, chuo kiipige marufuku. Wawili watatu wakatikisa vichwa kukubali. Ni hukumu rahisi, na mimi sikubaliani nayo. Mashine ilifanya ilichoombwa. Iliombwa na kijana mmoja, usiku, kwa niaba ya watu kumi na mmoja waliolala, nayo ikajaza mahali pao kwa wastani wa dunia. Hata kama angeipa maelezo mengi zaidi, yaani mvua mbili, siku kumi za profesa, saa tisa za mama, angeyapata wapi? Mengi hakuyajua. Yalikuwa vichwani mwa wale waliofurahia kwamba hakuna kikao. Yangetoka kwa ugomvi tu, pale wa udongo anapomwambia wa takwimu asilolijua.

Ninachowalaumia walimu ni kuiweka mashine mwanzo badala ya mwisho. Wangegombana kwanza siku mbili, wakaandika kila lililosemwa, hata matusi, kisha wakampa kijana na mashine yake karatasi hizo, wangepata kitu. Hapo ingeweza kuwaonyesha kwamba asidi ya udongo inafundishwa mara tatu na watu watatu, kwamba somo la muhula wa tano linategemea jambo litakalofundishwa muhula wa sita, kwamba jumla ni 33 na lazima mtu anune. Ingewapangia ratiba ya kuwafuata maprofesa wa siku kumi. Kazi hizo zinaumiza kichwa, na hakuna fahari ya kuzifanya kwa mkono. Na wangeweza kushuka mjini. SYDIP, LOFEPACO na COOCENKI, vyama vya wakulima, vina watu wake Butembo ambao wangekuja kwenye kikao kwa nauli na chai.

Kwamba teknolojia inaweza kufuata swali badala ya kulitangulia, Beni wenyewe wanao mfano. UCBC, chuo cha Kikristo cha lugha mbili kilichoanzishwa mwaka 2007 na David Kasali, kimefanya kazi ya kuchora ramani za ardhi kwa kompyuta na setilaiti kwa ajili ya migogoro ya mashamba. Ramani hizo hazisomeki bila kwenda kwa majirani wawili wanaogombania mpaka, na kuwasikiliza wote wawili wakiwa wamesimama juu yake. Kifaa ni cha kisasa kuliko simu ya kijana wetu. Swali lilianza na jirani.

Kikao cha kitivo hatimaye kikageuka kuwa kile kilichokuwa kimeepukwa mwaka mzima. Kilianza saa tatu asubuhi. Wa magonjwa ya mimea alitishia kujiuzulu kabla ya saa nne. Wa ugani alitaka krediti za droni ziende kwenye uchachushaji na ukaushaji, wa takwimu akasema basi na zake zisiguswe, wa udongo akamwambia mbele ya watu kwamba anajua aliongezewa na akanyamaza. Ilipofika saa nane mchana mtu akauliza kama dereva anaweza kualikwa kuzungumza na wanafunzi wa muhula wa tatu, wakagombana nusu saa kama atalipwa kwa kiwango cha asistanti. Jioni walikuwa na krediti 31 na nusu.

Maketi hiyo mpya ilikuwa ya wanafunzi wapya. Wa promosheni ya kwanza walikuwa wameshaandikishwa chini ya ile ya zamani, na iliyopelekwa juu haigeuzwi katikati ya safari. Karatasi zao za alama lazima zionyeshe kila somo lililotajwa, na alama zake. Kwa hiyo muhula wa nne walifundishwa droni, krediti 4, ubaoni. Mtihani ulikuwa wa maandishi. Swali la kwanza liliwataka wachore droni na kutaja sehemu zake, na yule kijana wa kwanza darasani akapata 17 kwa 20.